Mdogo Yuko Wodini, Mkubwa Amenyamaza

Swali: Shikamoo daktari. Nilijifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa na wiki 30, akiwa na gramu 1,250. Leo ni siku ya 24 tuko wodi ya njiti hapa Dar es Salaam. Oksijeni ilitolewa wiki iliyopita, sasa ana gramu 1,430 na analishwa kwa mpira wa puani. Nyumbani Mbagala nimemwacha binti yangu wa miaka minne na nusu na bibi yake, mama mkwe wangu, aliyetoka Lindi kuja kutusaidia. Wiki ya kwanza binti alilia mno, akaanza na kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Sasa halii tena. Ila nikipiga simu anakataa kuishika, anasema "mwambieni nacheza". Bibi anasema ameshazoea, nisimchokonoe. Baba yao ni dereva wa bajaji, usiku ananiletea chakula getini. Nikifikiria kwenda nyumbani naona nitamwacha huyu mdogo afe. Nikibaki naona nimemtupa yule. Nifanye nini? Na tukiruhusiwa, nitawawezaje wote wawili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa siku hizo 24, na hongera kwa gramu hizo.

Umesaini barua yako kwa jina la binti yako, "Mama Fulani", jina nimeliondoa. Nimelitazama jina hilo kwa muda. Wodini hakuna anayekuita hivyo. Sisi wa hospitali tunakuita mama wa kitanda namba fulani, au tunakuita tu "mama", kama wenzako wote mnaopanga foleni ya kukamua maziwa. Mtu aliyekupa jina la umama ni huyo aliyekataa kushika simu.

Basi nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Nenda nyumbani. Sisemi uhame wodi. Nasema uende na kurudi, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa saa chache, na katika saa hizo mtu mwingine ambebe mdogo kifuani. Sijamwona mwanao, kwa hiyo daktari na wauguzi wa wodi yako ndio wenye neno la mwisho. Lakini mtoto aliyetoka kwenye oksijeni, anayepokea maziwa na kuongezeka uzito, huwa amefika mahali ambapo mama anaweza kutoka nje ya geti bila dunia kuanguka. Zungumza nao kesho asubuhi daktari akipita raundi.

Sasa maelezo, na nitaanza na mkubwa, kwa sababu wa wodini ana watu wa kumwangalia usiku na mchana.

Bibi ameona sawasawa: kilio kimekoma. Nisichokubaliana naye ni maana ya kukoma huko. Miaka ya 1950 kule London, James Robertson, aliyefanya kazi na John Bowlby katika kliniki ya Tavistock, alikaa na kuwatazama watoto wadogo waliotenganishwa na mama zao. Aliona mambo matatu yakifuatana. Kwanza mtoto analia, anadai, anagoma kula. Kisha ananyong'onyea, anakata tamaa. Mwisho anatulia, anacheza, anakubali kulishwa na yeyote, na mama akija anamtazama kama mpita njia. Hatua hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ikiwafurahisha wahudumu wa siku zile. Walisema mtoto amezoea, na mama akija anamvuruga tu, basi asije. Robertson alisema kinyume: utulivu ule ni mtoto kujikinga. Amechoka kungoja, ameamua asingoje tena.

Yeye aliwatazama watoto waliolazwa. Kwenu aliyelazwa ni mdogo, na mdogo unaye. Aliyetenganishwa na mama yake ni huyu wa Mbagala. Ndiyo maana "mwambieni nacheza" imenigusa kuliko kilio cha wiki ya kwanza. Anayelia bado anatarajia utakuja.

Usiogope lakini. Wiki tatu na nusu si mwaka, yuko kwake, amelala kitanda chake, anaye bibi anayempenda na baba anayerudi kila usiku. Hayo ni mengi, na wapo watoto wengi wanaopitia haya bila hata nusu yake. Mlango bado uko wazi, ila unapaswa kuugonga wewe mwenyewe, kwa miguu yako.

Kwa mama mkwe usiende na hoja za madaktari wa London. Mwache mumeo aseme na mama yake. Aseme kwamba daktari ameshauri binti amwone mama, na kwamba akilia mama anapoondoka ndiyo dalili njema. Hilo la mwisho ni muhimu alijue mapema, maana kilio kitarudi. Ukishaanza kwenda, atalia tena kama wiki ya kwanza, na bibi atasema "si nilikwambia". Kurudi kwa kilio ni kurudi kwa matumaini.

Kukojoa kitandani ni jambo la kawaida kabisa katika hali hii. Asichapwe, asitangazwe kwa majirani, asiimbwe kikojozi na watoto wa uani. Mpeni maji mapema jioni, apelekwe chooni kabla ya kulala, shuka ibadilishwe bila hotuba. Itaacha yenyewe, pengine miezi kadhaa baada ya nyinyi kurudi.

Je, ameambiwa nini? Hukuandika, na hapo ndipo ninapopata mashaka. Familia nyingi humwambia mtoto kwamba mama kaenda sokoni, au kasafiri, au "mama anakuja kesho", kesho isiyofika. Wanafanya kwa huruma. Mtoto wa miaka minne anajua soko halichukui siku 24. Tena katika umri huo anaamini kwamba anachowaza kinaweza kutokea. Pengine aliwahi kusema hamtaki mdogo, pengine alirukia tumbo lako akicheza, na siku chache baadaye ukaondoka usiku kwenye bajaji ukilia. Ameunganisha mwenyewe, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Mwambie ukweli, kwa maneno machache, ana kwa ana. Kitu kama hiki: "Mdogo wako alitoka tumboni mapema, kabla hajamaliza kukua. Hospitali wanamsaidia akue. Si kosa la mtu yeyote. Wewe hukufanya kitu wala hukusema kitu kilicholeta haya. Mimi siumwi. Nalala huko kwa sababu yeye bado hawezi kunyonya vizuri na maziwa yake yako kwangu. Leo nimekuja, jua likifika pale nitaondoka, na nitarudi tena." Mrudie maneno hayohayo kila ukienda. Watoto hupenda kuhadithiwa jambo lilelile, na kwa jambo hili wanahitaji zaidi.

Akiuliza kama mdogo atakufa, usishtuke na usimzibe mdomo. Amewasikia watu wazima wakinong'ona. Mjibu kadiri unavyojua: "Alipozaliwa alikuwa mdhaifu sana, madaktari walikuwa na wasiwasi. Sasa anapumua mwenyewe na anaongezeka. Kukiwa na jambo lolote, nitakuambia mimi." Usimwapie asichoweza mtu kuapia.

Na kamwe usiondoke kwa kunyata. Najua inavyofanyika: bibi anamvuta mtoto uani aone kuku, mama anatokea mlango wa mbele. Mama mmoja aliyekaa nasi wodini zaidi ya mwezi alinisimulia kwamba kila akifika nyumbani, mwanawe wa miaka mitano alichukua ndala zake na kuzificha chini ya kitanda. Alikuwa ametorokwa mara mbili, ya tatu alijiandaa. Aga. Alie. Mkumbatie, mwachie bibi, ondoka ukiwa unaonekana.

Tuje kwa mdogo, na kwa hofu yako kwamba ukitoka atakufa.

Kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndiko tunakokuita kangaruu, kulianza kama utaratibu wa hospitali Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto, akaona kifua cha mama kinaweza kufanya kazi ile. Kilichoanza kwa uhaba kimekuja kuonekana ni bora. Utafiti mkubwa uliotangazwa 2021 ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na kati ya kilo 1 na pungufu kidogo ya kilo 1.8. Waliobebwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali itulie, walikufa kwa asilimia 12. Wale waliongojewa, karibu asilimia 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila njiti abebwe hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mama wengi hawaambiwi. Katika utafiti ule si mama peke yake aliyebeba. Mama alipokuwa mahututi au amechoka, ndugu aliyemchagua alishika zamu. Joto la kifua cha bibi ni nyuzi zilezile za joto la kifua chako. Mapigo ya moyo ya baba yanasikika vilevile. Maziwa ndiyo yako peke yako, na maziwa yanaingia kwenye kikombe.

Hesabu kidogo. Mtoto wa gramu 1,430 anayepokea kiasi cha kawaida, mililita 160 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, anapata takriban mililita 229 kwa siku nzima. Akilishwa kila baada ya saa 3, mlo mmoja ni mililita 28 au 29, hazifiki vijiko 6 vya chai. Kile kikombe kidogo cha kahawa chungu cha wazee wa baraza kinabeba milo miwili. Hicho ndicho unachotakiwa kuacha nyuma ili uwe huru kutwa nzima. (Kiasi kamili cha mwanao kimeandikwa kwenye karatasi yake. Fuata hicho, si hesabu yangu.)

Kwa hiyo mlishe saa 3 asubuhi, kamua, andika jina na saa juu ya chombo, mkabidhi muuguzi mkononi, toka. Mlo wa saa 6 mchana atapewa na atakayeshika zamu akisaidiwa na muuguzi. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 nje ya friji kama chumba hakina joto kali, na chumba chetu Dar kina joto kali, kwa hiyo kama wodi ina friji yaingie huko. Ukirudi kabla ya saa 9 alasiri umekosa mlo mmoja tu. Ondoa muda wa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, unabaki na kama saa 3 za nyumbani. Saa 3 zinatosha kwa kazi tuliyonayo. Ila ukiwa nyumbani titi zikijaa, kamua, vinginevyo maziwa yatapungua. Mama wa njiti anahitaji kukamua kama mara 8 kwa siku, na ya usiku ndiyo ya mwisho kuachwa. Kamua binti akiwepo, usijifiche. Mwonyeshe: haya ndiyo yanayonifanya nilale hospitali.

Nani ashike zamu? Nimefikiria baba kwanza. Kwenye bajaji kuna hesabu ya mwenye chombo kila siku, najua, na asubuhi na jioni ndipo abiria walipo. Mchana kati kuna utulivu. Siku mbili kwa wiki, saa nne hadi saa nane mchana, aegeshe. Aje ameoga, shati la vifungo, bila harufu ya sigara, mikono imeoshwa hadi viwiko. Tatizo ni kwamba chumba cha kangaruu mara nyingi kimejaa akina mama waliofungua vifua, na mwanamume anazuiwa mlangoni. Wanaozuia wana sababu. Muulize muuguzi mkuu kama kuna kiti na pazia upande wa watoto wachanga. Ikishindikana, mdogo wako wa kike, wifi, au bibi mwenyewe. Kwa kweli bibi ananivutia zaidi: wewe uende Mbagala, yeye aje mjini, mkabidhiane zamu. Atamjua mjukuu wake, na ataona kwa macho yake kwa nini unakamua usiku. Yeyote mtakayemchagua, afundishwe kwanza ukiwepo: mtoto wima katikati ya kifua, amevaa kofia, soksi na nepi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande mmoja shingo isijikunje, khanga imefika chini ya sikio na imebana kiasi cha mtoto kutoteleza. Mwenye mafua asiguse zamu.

Juu ya khanga nina ombi. Khanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Nunua doti moja, au mwambie mumeo alete moja iliyopo nyumbani. Kipande kimoja mfungie mdogo kifuani. Kingine lala nacho siku mbili, kisha mpelekee binti ajifunike usiku. Ana khanga yenye harufu yako, na anajua mdogo wake amefungwa kwa khanga ileile. (Angalia tu na jina la khanga. Isiwe moja ya zile za mafumbo, mama mkwe akadhani amesemwa.)

Ukifika nyumbani siku ya kwanza, huenda asikukimbilie. Huenda akageuza mgongo, akaenda kwa bibi, au akakupiga. Usidai busu, usiseme "hata hunisalimii?" Kaa chini kwenye mkeka, chukua kitana, mwite umsuke au umchane. Mtoto anaweza kukaa kati ya magoti ya mama yake nusu saa nzima bila kukutazama usoni, na bado mmekutana. Zawadi kubwa usilete. Ukizoea kuleta biskuti na soda, atakuwa anangoja mfuko. Kula naye. Ukitaka kupika, kufua, kupokea majirani wanaokuja kuuliza hali, saa 3 zimeisha na yeye hakukupata. Majirani bibi atawapokea.

Mpe siku anayoweza kuihesabu. "Keshokutwa" ni maji tu kwake. Mwekee punje za mahindi au vifuniko vya soda kwenye kikombe, kimoja kwa kila usiku wa kulala, kila asubuhi atoe kimoja. Kikombe kikiwa kitupu, umefika. Na kama mdogo akibadilika hali siku hiyo ukashindwa kwenda, piga simu wewe mwenyewe, mwambie umeshindwa na kwa nini, ongeza punje moja. Asiambiwe na mtu mwingine.

Simu, iache ipumue kidogo. Mtoto wa umri huo hajui la kusema kwenye simu, na sisi humwuliza "umekula? umeoga? humsumbui bibi?" kama polisi. Mpigie muda mmoja kila siku, kabla ya kulala, bibi aweke sauti kubwa, wewe umsimulie jambo dogo: leo mdogo wako amepiga chafya, leo amepimwa ameongezeka gramu 20. Asipojibu, endelea, mtakie usiku mwema, kata. Anasikiliza.

Kumleta wodini je? Wodi nyingi za watoto wachanga haziruhusu watoto wadogo kuingia, kwa sababu kikohozi cha chekechea kinaweza kumuua njiti. Zipo zinazoruhusu kwa mpango. Uliza, usimwingize kwa mlango wa nyuma. Ukikataliwa, baba anaweza kumleta hadi bustanini au getini, ukatoka dakika kumi. Picha pia inafaa, ila mweleze kabla ya kumwonyesha: "Utaona mpira puani, ule ndio kijiko chake. Utaona ngozi nyembamba, bado inakua. Mpira haumuumizi." Watoto huogopa zaidi wanachokisia.

Umeuliza juu ya kuruhusiwa. Mnaweza kuruhusiwa kabla hajafikisha uzito unaoufikiria. Wodi zinatofautiana kwa kilo, lakini zote zinatazama mambo yaleyale: anapumua bila msaada na hajasahau kupumua kwa siku kadhaa, joto lake linakaa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 akiwa kifuani, anakula kwa mdomo, iwe titi au kikombe, anaongezeka siku kadhaa mfululizo, na wewe unajiamini. Sasa ana umri wa wiki 33 na siku chache tukihesabu tangu mimba. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa kuanzia wiki ya 32 hadi 34, kwa hiyo siku hizi muuguzi akikuambia umjaribishe kwenye titi, mjaribishe hata akilamba tu.

Kabla hamjatoka, kuna kitu kimoja nakuomba ukidai hata kama hakuna aliyekitaja: uchunguzi wa macho. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 anaweza kupata tatizo la mishipa ya damu nyuma ya jicho, halionekani kwa nje, haliumi, na likicheleweshwa linaleta upofu ambao ungezuilika. Kipimo hufanyika wiki ya 4 hadi ya 6 baada ya kuzaliwa. Wewe uko siku ya 24. Ni wiki hii au ijayo uulize kitafanyika wapi na lini. Uliza pia dawa ya matone ya kuongeza damu na vitamini D, na tarehe ya kliniki. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinahesabiwa tangu siku aliyozaliwa, hazisogezwi kwa sababu ni njiti. Hatua zake za kukaa na kutambaa ndizo za kuhesabu tangu tarehe aliyopaswa kuzaliwa, hadi afike miaka miwili, usije ukamlinganisha na mtoto wa jirani ukaumwa bure.

Nyumbani, kangaruu inaendelea mpaka mwenyewe aanze kufurukuta akitaka kutoka, mara nyingi akikaribia kilo 2.5. Na hili ndilo litakalokuokoa na wawili. Mtoto akiwa amefungwa kifuani, mikono yako iko huru: unaweza kumlisha mkubwa, kumsuka, kumpakata pembeni. Siku ya kuingia, mdogo abebwe na baba au bibi, wewe uingie mikono mitupu umsalimie binti kwanza. Mpe kazi ya kweli: awe mwangalizi wa sabuni mlangoni, hakuna anayemgusa mdogo bila kunawa, hata babu. Ataifanya kwa ukali kuliko mlinzi wa geti la hospitali. Yeye mwenyewe aruhusiwe kumshika miguu. Busu la usoni lingoje. Akiwa na mafua alale na bibi, lakini aelezwe ni mafua yanayozuiwa, si yeye.

Atataka abebwe mgongoni, atasema kitoto, anaweza hata kuomba titi. Mbebe. Mwache aonje akitaka, atacheka na kuacha. Anauliza kama nafasi yake bado ipo.

Wageni wa kumwona mtoto wataahirishwa, hata arobaini ikipita. Jiko la mkaa likae nje. Hadi miezi sita ni maziwa yako tu na dawa alizoandikiwa, hakuna maji ya tumbo wala asali. Na kila mtu nyumbani, pamoja na bibi, ajue dalili za kurudi hospitali bila kungoja asubuhi: amekataa kunyonya, amelegea hashtuki mpaka aguswe, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika au kifua kinabonyea ndani, amekuwa wa baridi au wa moto, degedege, midomo ya bluu, manjano hadi viganjani na nyayoni.

Wewe mwenyewe sijakuuliza. Kama mtoto alitangulia kwa sababu ya presha ya mimba, presha yako imepimwa lini? Watu humsahau mama mara mtoto anapotoka. Na ukiona kulia, kukosa usingizi hata unapopata nafasi, au kuona kila kitu ni bure, vinaendelea zaidi ya wiki mbili, mwambie muuguzi kwa maneno hayohayo. Kuna tiba, na nyingine haizuii kunyonyesha.

Kwa wasomaji wengine walioajiriwa: marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika 2025 yanamwongezea mama wa njiti likizo, hadi tarehe ambayo mimba ingetimiza wiki 40. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, na taasisi yake walipaza sauti juu ya hilo kwa miaka. Mpeleke mwajiri karatasi ya hospitali inayoonyesha wiki. Mwanangu wa bajaji na Mbagala hii haikuhusu, nalijua hilo, na inaniudhi.

Kesho, basi: muuguzi mkuu asubuhi, mumeo jioni getini, na zamu ya kwanza katikati ya wiki. Ile khanga ukishalala nayo siku mbili, mkabidhi mumeo, itangulie kufika kabla yako. Mwambie bibi asiifue.